Chuma cha Leufsta Kilikwenda Wapi

Mwaka 1989, nikiwa mwalimu wa ufundi wa chuma katika chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi, nilipata bahati ya kupelekwa Uswidi kwa masomo ya miezi michache. Vyuo vyetu vilianzishwa mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya huko, na kwa sababu hiyo wenyeji wetu walipenda sana tuone mambo yao ya asili. Jumapili moja ya mwezi Septemba, mama aliyekuwa akinipa malazi alinipakia ndani ya gari lake dogo, akasema, "Wewe ni mtu wa vyuma. Leo nitakuonyesha kijiji cha vyuma."

Tuliondoka Uppsala tukaelekea kaskazini kwa muda wa zaidi ya saa moja, msitu kulia, msitu kushoto, mpaka tukafika Leufsta. Siku hizi kwenye ramani huandikwa Lövstabruk, lakini wenye mali waliendelea na tahajia ya kizamani, nami nitawafuata.

Nakiri kwamba nilitarajia masizi. Badala yake nilikuta barabara moja iliyonyooka, nyumba fupi fupi zimejipanga pande zote mbili kama askari kwenye gwaride, miti, madimbwi mapana ya maji yaliyotulia, jumba kubwa la bwana, kanisa, na ukimya ambao kwetu huupati hata makaburini. Nikamwuliza mama, "Mama, kiwanda kiko wapi?" Akacheka, akaonyesha majani. Nyundo za mwisho zilinyamaza mwaka 1926, na viwanda vyenyewe vikabomolewa. Kilichobaki ni makazi ya watu na maji yaliyokuwa yakizungusha magurudumu.

Hapana budi nieleze kwa nini jambo hili lilinigusa. Mimi ni Mfipa. Katika shamba la babu yangu, upande wa Nkansi, lilisimama tanuri refu la udongo, ambalo kwetu huitwa ilungu, kubwa kupita kimo cha mtu, limeota majani juu. Wakati nazaliwa, moto wake ulikuwa umekwisha kuzimika. Majembe ya kuletwa kwa meli yalikuwa rahisi, na wazee wetu wakaacha kuyeyusha. Nimekua nikicheza pale, nikiokota mavi ya chuma, na baadaye nikawa fundi wa kuchomelea mageti. Basi kijiji kilichokuwa cha wahunzi, kisha kikanyamaza, hakikuwa kitu kigeni kwangu. Nilikitambua kama mtu anavyomtambua ndugu wa mbali kwa mwendo wake.

Kwa nini chuma kifanywe huko porini? Kwa sababu ya mambo matatu: mawe, miti na maji. Mawe ya chuma yalitoka Dannemora, upande wa kusini, katika mgodi uliotajwa kwenye maandishi tangu mwaka 1481. Nilipofika mimi, mgodi huo ulikuwa bado ukifanya kazi. Ulifungwa mwaka 1992, ukafunguliwa tena mwaka 2012, na kampuni iliyoufungua ikafilisika mwaka 2015. Mawe yake yana sifa adimu, nayo ni fosforasi kidogo na manganizi ya kutosha. Fundi yeyote atakuambia kwamba fosforasi hukifanya chuma kivunjike kikiwa baridi. Kwa hiyo sifa ya Leufsta ilianzia chini ya ardhi kabla ya mtu yeyote kuinua nyundo.

Kufua chuma pale kulianza karne ya 16, lakini mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1620, pale serikali ya mfalme ilipowakodisha viwanda vyake wageni wawili kutoka upande wa Liège, ambao leo ni Ubelgiji: Willem de Besche, aliyekuwa fundi na msimamizi, na Louis De Geer, aliyekuwa na fedha. De Geer alizaliwa mwaka 1587, akafanya biashara Amsterdam, akatajirika hasa kwa kuuza silaha katika zama ambazo Ulaya nzima ilikuwa vitani. Mwaka 1643 alivinunua viwanda vya Leufsta, Österby na Gimo viwe mali yake kabisa.

Wageni hao walileta watu wao. Katika karne hiyo ya 17 Wawaloni wapatao elfu moja au zaidi, wasemao Kifaransa cha kwao, walihamia Uswidi na wake zao na watoto wao kwa mikataba ya kazi. Walikuja na ufundi ambao Waswidi hawakuwa nao, na wakaurithisha baba kwa mwana. Hata leo katika Uswidi utakutana na majina ya ukoo kama Bonnivier, Gauffin na Hubinette. Mwenye jina hilo atakuambia kwa fahari kwamba yeye ni Mwaloni, ingawa hajui hata neno moja la lugha ya mababu zake.

Sasa niruhusu, msomaji, nikae kidogo ndani ya karakana, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Pale Leufsta hakuna iliyobaki, ila mama yule alinipeleka Österby kuona karakana ya Kiwaloni iliyosalia, na wenyewe husema hakuna nyingine kamili kama hiyo duniani.

Kazi huanzia kwenye tanuri kubwa, ambamo mawe na makaa humwagwa kwa juu na mivukuto ya maji hupuliza kwa chini. Chuma kitokacho humo kimejaa kaboni. Ni kigumu lakini ukikipiga kinapasuka, hakifuliki. Kiliachwa kitiririke mchangani kiwe mche mrefu wa mita kadhaa, mzito ajabu. Mche huo ulipelekwa kwenye karakana na ncha yake ikasukumwa polepole ndani ya jiko la kwanza, mbele ya upepo wa mivukuto. Chuma kiliyeyuka tone kwa tone. Kila tone lilipopita kwenye upepo, kaboni iliungua, na chini ya jiko matone yakajikusanya kuwa donge laini kama ugali. Mhunzi alilikoroga kwa mtaimbo, akalitoa na kuliweka chini ya nyundo kubwa iliyoendeshwa na gurudumu la maji, ili mavi ya chuma yakamuliwe nje. Ndipo donge lilipokwenda jiko la pili, likapashwa tena, likanyooshwa kwa nyundo kuwa pau ndefu bapa. Mwishoni pau iligongwa muhuri.

Majiko mawili! Niliposikia maelezo hayo nilimshika mama mkono. Babu zangu nao walifanya kazi kwa hatua mbili: kwanza ilungu, lililojivutia upepo lenyewe pasipo mivukuto, kisha kitanuri kidogo chenye mivukuto cha kusafishia kile kilichopatikana. Njia hizo mbili hazifanani kwa kemia yake, wala sitaki kuzilinganisha kupita kiasi. Lakini mhunzi ni mhunzi. Kila mahali ana tatizo lilelile la kukitoa chuma katika uchafu wake.

Karakana haikulala. Moto uliwashwa Jumapili jioni na kazi ikaenda usiku na mchana kwa zamu mpaka mwisho wa juma. Wahunzi walivaa kanzu ndefu ya kitani, na ndani hakuna kitu kingine, kwa ajili ya joto. Wengi waliishia viziwi kwa kishindo cha nyundo. Vijana wadogo walianza kwa kubeba makaa na kushika mche, wakapanda daraja kwa daraja, na aliyebahatika akawa fundi mkuu na kupata nyumba karibu na karakana.

Nyuma ya hao wachache walikuwapo watu wengi ambao hakuna anayewapiga picha. Makaa yote ya Leufsta yalichomwa msituni na wakulima. Walipanga magogo kuwa tanuru kubwa, wakalifunika kwa matawi na udongo, wakalilinda kwa wiki mbili tatu mchana na usiku lisije likawaka moto wa wazi, maana likiwaka, jasho la miezi limekuwa majivu. Walilala katika vibanda vidogo kando yake. Wakati wa majira ya baridi waliyasafirisha makaa kwa magari ya kuteleza juu ya theluji. Aliyewahi kuona wachoma mkaa wetu barabarani anawajua watu hao bila kuambiwa.

Na maisha ya kijijini je? Hapa wasimuliaji wa Leufsta hugawanyika. Wapo wanaosema ilikuwa kama paradiso ndogo: nyumba ya bure, bustani ya viazi, shule, matibabu, na mjane hakufukuzwa. Yote hayo ni kweli, na wakulima wengi wa nje waliwaonea gere. Lakini mhunzi alilipwa kwa hesabu ya daftari. Chuma alichofua kiliandikwa upande mmoja; nafaka, samaki na nguo alizochukua katika ghala la bwana ziliandikwa upande wa pili, na mara nyingi daftari lilimkuta ana deni. Kengele ya bwana ilimwamsha, mchungaji wa bwana akamhubiria, na akimwudhi bwana, alipoteza kazi na nyumba siku ileile. Mimi niliishi nyumba ya kazi kwa miaka mingi, kwa hiyo najua utamu wake, na najua namna mtu anavyojifunza kuchunga ulimi ndani yake.

Mwezi Julai 1719, katika miaka ya mwisho ya vita virefu, wanamaji wa Urusi waliuchoma mwambao wa Uswidi na Leufsta ikateketea. Ilijengwa upya mara moja, kwa ramani ileile ya barabara na madimbwi, na ndiyo maana kijiji chote kina sura ya umri mmoja. Kanisa likapata kinanda kikubwa cha mabomba kilichotengenezwa na Johan Niclas Cahman na kumalizika mwaka 1728. Kingali kinapigwa. Siku ile mpiga kinanda alikuwa akijizoeza. Tuliketi nyuma kabisa, na mbao za benchi zilitetemeka chini yangu.

Mwaka 1730 mali hiyo yote ilimwangukia mtoto wa miaka kumi, Charles De Geer, aliyekuwa akilelewa Uholanzi. Alikua akawa bwana mkubwa wa chuma, lakini moyo wake ulikuwa kwa wadudu. Aliandika juu yao, kwa Kifaransa, vitabu saba vikubwa vilivyotoka kati ya mwaka 1752 na 1778, mwaka aliofariki. Kando ya maji kuna vijumba viwili vizuri vya mraba. Kimoja kilikuwa maktaba yake, na mwaka 1986 vitabu hivyo vilinunuliwa kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Uppsala. Napenda kumfikiria mtu huyu akiwa ameinama juu ya kiwavi na lenzi yake, na nyundo zinagonga nje ya dirisha. Sijui kama nampenda yeye mwenyewe.

Katika karne hiyo ya 18 Leufsta ilikuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya chuma katika Uswidi. Muhuri wake ulikuwa herufi L ndani ya duara. Mafundi wa Sheffield, Uingereza, waliujua muhuri huo kama tunavyojua sisi alama kwenye jembe zuri. Chuma cha Dannemora kilipopikwa pamoja na makaa kwa siku nyingi kiligeuka kuwa feleji bora ya nyembe, tupa, visu na kamani za saa, na tangu miaka ya 1740 Benjamin Huntsman alipogundua namna ya kuyeyusha feleji katika vyungu, kilitafutwa zaidi.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na kipande cha mavi ya chuma mfukoni. Mavi ya tanuri kubwa la kule si meusi kama yetu. Ni kama kioo, ya buluu na kijani, na yametapakaa ardhini kila mahali. Nilimpelekea baba mdogo, ambaye utotoni mwake aliwahi kusimama mbele ya ilungu lenye moto. Alilizungusha mkononi, akalielekeza kwenye jua. "Hawa walikuwa na moto mkali," alisema. Kisha akaniuliza chuma chote hicho kilikwenda wapi. Nikamjibu Uingereza. "Na Waingereza wakakipeleka wapi?" Nikataja visu na nyembe. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mizani yenye hitilafu, halafu akazungumzia mvua.

Kwa miaka mingi niliwasimulia wanafunzi wangu habari za Leufsta kama nilivyozisimulia hapa, na niliishia palepale, kwenye visu. Ilikuwa hadithi nzuri ya ufundi na bidii. Baba mdogo alifariki kabla sijajua namna ya kumjibu.

Jibu halikuwa siri. Mwaka 1649 Louis De Geer yuleyule alisimamia kuanzishwa kwa Kampuni ya Afrika ya Uswidi. Mwaka uliofuata mtu wake, Hendrik Carloff, alipata ardhi katika pwani ya Guinea, mahali ambapo leo ni Cape Coast nchini Ghana, wakajenga ngome wakaiita Carolusborg kwa heshima ya mfalme wao. Walitafuta dhahabu na pembe, na binadamu pia walinunuliwa na kuuzwa. Waswidi hawakudumu. Wadenmark waliwanyang'anya, kisha Waholanzi, na mwaka 1664 Waingereza wakaishika. Ngome iliyokua kutokana na kibanda hicho ndiyo Cape Coast Castle, yenye vyumba vya chini ya ardhi ambamo maelfu ya watu walifungiwa wakingoja meli. De Geer alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1652. Lakini jiwe la msingi liliwekwa kwa mpango na fedha za mtu aliyekuwa mwenye Leufsta.

Tena kuna chuma chenyewe. Pau za Uswidi zilizofika London na Bristol hazikubaki zote huko. Nyingine zilipakiwa katika meli za kwenda Afrika Magharibi, na zilikuwa zimefuliwa huku Uswidi kwa urefu na uzito uliotakiwa na biashara hiyo. Toka Senegal na Gambia kushuka pwani, pau ya chuma ilikuwa kipimo cha thamani kama shilingi. Nguo ni pau kadhaa, bunduki ni pau kadhaa, mtu ni pau kadhaa. Wahunzi wa huko walizikata wakafua majembe na visu. Sisemi kwamba chuma bora chenye herufi L ndicho kilichofanya kazi hiyo. Hicho kilikuwa ghali na wapika feleji walikigombea. Lakini sikuweza tena kukata hadithi mahali ilipokuwa tamu. Nyundo zilikuwa za nchi moja, wafanyabiashara wa Stockholm walikuwa walewale, na nyumba zilizojipanga kama askari zilijengwa kwa faida ya soko ambalo mlango wake mmoja ulikuwa pwani ile.

Nilirudi Leufsta mara ya pili nikiwa nimestaafu. Mama yule alikuwa mzee sana. Nilimweleza niliyoyasoma, hakubisha, wala hakukasirika. Alisema bibi yake alizaliwa katika mojawapo ya nyumba zile fupi, na kwamba katika maisha yake yote hajawahi kusikia mtu akiuliza chuma kilikwenda wapi. Watu waliuliza tu kama wiki ile kimefuliwa cha kutosha.

Mwisho wa kiwanda haukuwa na kishindo. Katika karne ya 19 ziligunduliwa njia za kutengeneza feleji kwa wingi na kwa bei ndogo, na viwanda vidogo vya Uswidi vikafa kimoja baada ya kingine. Leufsta ilivumilia kwa sababu wapo waliokuwa bado tayari kulipia ubora wa mawe ya Dannemora. Mwaka 1917 familia ya De Geer iliiuza biashara ya chuma kwa kampuni nyingine, na baada ya miaka tisa moto ukazimwa. Wahunzi wa mwisho walikuwa wa damu ya Wawaloni waliokuja miaka mia tatu kabla. Baadhi walibaki katika nyumba zilezile, wakaenda kufanya kazi ya msitu.

Mwaka juzi nilifika kwa marehemu baba mdogo. Binti yake, ambaye sasa ana wajukuu, bado analo lile jiwe la buluu. Hulitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Tulikaa uani akichambua maharage, nami nikamsimulia, mara hii mpaka mwisho: Uingereza, meli, pau, Cape Coast. Alisikiliza kimya. Alipomaliza ungo mmoja, akavuta mwingine.

"Na babu zetu," akauliza, "majembe yao walikuwa wanamuuzia nani?"